Mstari wenye mikato kwenda kolamu tofauti: menyu, Split au TextToColumns?

Karani_Kibosho
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo. Niko chama cha msingi cha kahawa huku Kibosho. Kila Ijumaa naletewa faili la mapokezi ya mzani, mistari kama 1,800, yote imerundikana kolamu A hivi:

`K0114,Umbwe,0700000000,46.5,05/09/2024`

Nimekuwa nikitumia Data, kisha Text to Columns, kwa mkono. Wiki iliyopita nilisahau hatua moja, simu zote zikapoteza sifuri ya mbele na orodha ya malipo ikarudishwa. Nataka makro (kodi ndogo ndani ya Excel inayofanya hatua zote yenyewe), nibonyeze mara moja nikanywe chai. Excel yangu ni ya 2013. Nishaurini.

Fundi_Sakina
Karibu mkuu. Usihangaike, Split, amri ya makro inayokata maandishi kila penye mkato, inatosha:

```
Sub Gawa()
  Dim r As Long, v
  For r = 2 To Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
    v = Split(Cells(r, 1).Value, ",")
    If UBound(v) >= 0 Then
      With Cells(r, 2).Resize(1, UBound(v) + 1)
        .NumberFormat = "@"
        .Value = v
      End With
    End If
  Next r
End Sub
```

Split inahesabu vipande kuanzia 0, na UBound ni namba ya kipande cha mwisho, ndiyo maana ya hiyo +1. Usiondoe ile `If`: seli ikiwa tupu UBound inatoa -1, Resize (inayopanga upana wa kolamu za kujaza) inadaiwa kolamu 0, makro inakufa katikati ya safari. Alama "@" inafanya seli ziwe maandishi kabla data haijaingia, kwa hiyo sifuri inabaki.

DadaMahesabu_Moshi
Mdogo wangu, kuna =TEXTSPLIT siku hizi, fomula moja tu bila makro.

Fundi_Sakina
Dada, hiyo iko Microsoft 365 na matoleo mapya. Yeye ana 2013.

Kijana_Ngarenaro
Apeleke Google Sheets basi, kuna =SPLIT.

DadaMahesabu_Moshi
Na sifuri italiwa kule kule, maana SPLIT ya Sheets ikiona tarakimu tupu inazigeuza namba. Halafu intaneti ya Kibosho mvua ikinyesha unaijua wewe?

Karani_Kibosho
Fundi, asante, imekubali na simu ziko salama. Ila sasa kilo hazijumlishiki! SUM inanipa 0. Na kuna mkulima mmoja kijiji chake kimeandikwa `"Uru, Shimbwe"` ndani ya alama za kunukuu, kwake kila kitu kimesogea kolamu moja kulia. Kilo zake zimekaa kwenye tarehe.

Mzee_wa_Lahajedwali
Hapo ndipo nilipokuwa nawasubiri. Split ni panga: haijui alama za kunukuu, ikiona mkato inakata. Na "@" imefanya kolamu zote ziwe maandishi, kilo zikiwemo. Unaweza kuongeza mstari wa kurudisha kilo kuwa namba kwa `Val` (amri ya kugeuza maandishi kuwa namba), lakini habari ya kunukuu utaandika kodi mpaka usiku. Kazi yako wewe ina kolamu tano zilezile kila wiki, tumia TextToColumns, ileile Text to Columns ya menyu, ndani ya makro; yenyewe inaheshimu alama za kunukuu, nawe uiambie kila kolamu ni nini:

```
Sub GawaMapokezi()
  Dim m As Long
  m = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
  Application.DisplayAlerts = False
  Range("A2:A" & m).TextToColumns _
    Destination:=Range("B2"), _
    DataType:=xlDelimited, _
    TextQualifier:=xlTextQualifierDoubleQuote, _
    ConsecutiveDelimiter:=False, _
    Tab:=False, Semicolon:=False, _
    Comma:=True, Space:=False, Other:=False, _
    FieldInfo:=Array(Array(1, 2), Array(2, 2), _
      Array(3, 2), Array(4, 1), Array(5, 4))
  Application.DisplayAlerts = True
End Sub
```

Kwenye FieldInfo namba ya kwanza ni kolamu, ya pili ni aina: 1 ya kawaida, 2 maandishi, 4 tarehe inayoanza na siku. Hiyo 4 usiidharau. Tarehe ikipita kwenye kodi bila maelekezo, Excel huisoma Kimarekani, mwezi mbele. Mimi iliwahi kunigeuzia tarehe 5 Septemba kuwa 9 Mei, na nilishtuka kwa sababu Mei ni masika, nani analeta kahawa mzanini?

ConsecutiveDelimiter nayo iache False. Ukiweka True, mkulima asiye na simu mikato yake miwili inahesabiwa mmoja, kilo zinakaa kwenye simu.

Fundi_Sakina
Mzee nimekubali kwa faili hili. Ila yakija mafaili ambayo mstari mmoja una vipande vitatu na mwingine kumi na viwili, nabaki na Split yangu. FieldInfo inataka ujue kolamu mapema.

Mzee_wa_Lahajedwali
Hapo sibishi. Na wewe karani, mambo mawili. Ctrl+Z haitengui makro, nakili faili kwanza. Pili, TextToColumns huacha kumbukumbu: ukibandika maandishi mengine baadaye yatajigawa yenyewe kwenye mkato mpaka ufunge Excel. Usije ukadhani ni virusi.

Karani_Kibosho
Mzee, hiyo ya kubandika imenitokea leo asubuhi nikaita mtu wa kompyuta kutoka mjini! Nimeshamlipa nauli.

Makro ya GawaMapokezi imepita mistari yote, Uru Shimbwe amekaa mahali pake, kilo zinajumlika na zimelingana na daftari la mzani. Faili nimelihifadhi kama .xlsm, aina inayotunza makro. Mara ya kwanza nilihifadhi .xlsx, makro ikapotea, nikaichapa upya yote.

Kijana_Ngarenaro
Na chai ulikunywa?

Karani_Kibosho
Ilishapoa.