Nyumba ya Mji Mkongwe: lipu inabambuka, boriti zinaoza

MkaaziShangani:
Assalaam alaykum wakuu. Nyumba ya ghorofa mbili Zanzibar, kuta za mawe na chokaa, unene kama sentimita 55. Lipu ya saruji inabambuka vipande vipande, na kwa ndani chumvi nyeupe imepanda mpaka usawa wa kiuno. Dari ya chini imebonyea. Fundi anataka kung'oa boriti zote amwage zege. Sahihi?

Chokaa_Mbichi:
Wa alaykum salaam. Hapana, asimwage. Ukuta wa mawe hunyonya maji kisha huyatoa usoni. Saruji inaziba njia hiyo, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma.

Bambua saruji yote kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine inatikisa mawe. Ukuta ukikauka, pangusa chumvi kwa brashi kavu (ukiosha, inarudi ndani). Lipu mpya: chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa shimoni chini ya maji walau mwezi, ndoo 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Lowesha ukuta, piga mikono (matabaka) miwili, kila mkono sentimita 1, kisha tundika magunia mabichi siku kadhaa. Jua likiiwahi, inakuwa unga.

PaaKwanza:
Mkuu, lipu ni ya mwisho! Anza na paa na mifereji ya mvua. Boriti huanza kuoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, ambako jicho halifiki. Zichome kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, hiyo imekwisha. Nzima ziache.

Mirunda (nguzo za muda za kushikilia sakafu) itangulie, isimame kuanzia ardhini. Ukiiegemeza kwenye sakafu ya juu peke yake, umehamisha mzigo tu. Beit al-Ajaib (jumba la sultani hapo Mji Mkongwe), ya mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea. Badilisha boriti mbili tatu kwa zamu, maana ndizo zinazozuia kuta kuachana.

MkaaziShangani:
Na kifusi cha sakafu?

PaaKwanza:
Kishushe siku hiyo hiyo, kisirundikwe chumbani. Sakafu za zamani huongezwa chokaa juu ya chokaa, na uzito huo ndio mara nyingi unaobonyeza dari. Ila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla ya tindo la kwanza.