Wapangaji wa Mwanza tunamlipia mwenye nyumba kodi ya jengo lake, halafu mnatuambia kuna unafuu wa maisha?

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya mafuta, hili ni jambo jingine kabisa. Povu ruksa, hata mimi nimekuja na langu.

Kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa Dodoma wimbo ni ule ule: mwananchi wa hali ya chini. Apunguziwe hiki, awekewe ruzuku kile. Sawa. Mwananchi mwenyewe ndiye mimi, nipo Mabatini, juu huku kwenye mawe, chumba na sebule, watoto watatu, nakaanga chapati asubuhi, na mume ni kibarua wa kiwanda cha samaki: akiitwa anaenda, asipoitwa analala. Huo unafuu huwa unapita wapi? Mimi nasema unaishia kwa mwenye nyumba. Kwa mpangaji haufiki.

Chukueni umeme. Nyumba yetu ina kaya sita na mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Imefungwa koridoni, jirani na mlango wa mama wa chumba cha kwanza, ambaye kwa sababu hiyo tu amegeuka mhasibu wetu. Ikianza kulia usiku kwamba uniti zinaisha, kila mtu anajifanya kalala. Asubuhi ni daftari: nani hajatoa, nani kapiga pasi nguo za wiki nzima, kwa nini mwenye friji ya barafu za kuuza achange sawa na mwenye taa moja. Tumeshatoleana maneno mazito kwa shilingi elfu mbili mpaka tukafikishana kwa balozi wa nyumba kumi, watu tunaoazimana chumvi.

Sasa njooni kwenye hesabu. Kuna bei ya mtumiaji mdogo, wenyewe wanaiita D1. Usipozidisha uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100. Weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inakuja 122. Ukiwa mtu wa kuzidisha unahamishiwa T1, bei ya kawaida, ambako uniti ni 292, na makato yakiingia inagonga 356. Nia ya D1 ni nzuri, siibishii. Ila mita haihesabu watu. Kaya sita, kila moja itumie uniti 20 tu za taa, simu na kitivii kidogo, jumla 120. Tayari tumeshatolewa kwenye bei ya maskini kwa kosa la kuwa maskini wengi chini ya bati moja! Kila kaya inalipa 7,120 badala ya 2,440. Huku bachela aliyejenga kwake Buswelu, kutwa hayupo nyumbani, anamaliza mwezi na uniti 60, yeye ndiye anastahili D1. Yeye ni mtumiaji mdogo. Sisi tuliobanana ishirini na kitu ndio watumiaji wakubwa.

Maji hivyo hivyo, bomba moja uani, bili moja, ugomvi mmoja. Na yakikatika unanunua madumu, na bei inapanda kadiri mlima unavyopanda. Ziwa tunaliona kutoka mlangoni. Tuliache hilo.

Kinachonichefua zaidi ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 wakaipandisha hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Jengo la nani? Hati si yangu, kiwanja si changu, hata msumari wa kutundikia nguo naomba ruhusa. Mwenye nyumba yuko zake Geita, tokeni hajawahi kuibonyeza hata siku moja. Ukimwambia aitoe kwenye pango anakujibu, "Kama hamtaki hameni, chumba kina foleni." Najua atakuja mtu hapa aseme 1,500 ukigawa kwa kaya sita ni 250, mama unalilia mia mbili hamsini? Ndiyo, naililia. Ni nyanya za mchuzi wangu, na deni ni la mtu mwenye nyumba mbili.

Halafu gesi. Mwaka 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, eti ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tumeachana na mkaa. Ikaja mitungi ya kilo 6 ya ruzuku, nusu bei, tukashangilia. Mtungi nusu bei, kujaza gesi bei nzima! Huku sisi tunakula mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, maana minofu ya sangara inapanda ndege, na mapanki lazima yakaangwe mpaka yakauke. Mtungi mdogo hauvuki mwezi. Wa kwangu uko uvunguni, nimerudi kwa muuza mkaa wa kopo.

Mei Mosi 2025 pale Singida kima cha chini cha serikali kikapandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000. Walimu, manesi, hongereni, mnastahili. Ila wenye nyumba nao wana redio. Pango letu lilipanda, na mume wangu hana cheki namba ya mtumishi wa serikali. Na pango lenyewe wanataka miezi sita kwa mpigo. Mtu anayelipwa kwa siku anaipata wapi ya miezi sita? Anaenda kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wanaojificha Ijumaa, deni lao lilianza na pango, wala si vitenge kama mnavyopenda kusema.

Nchi hii ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti pango la nyumba, na mabaraza ya kupeleka mashauri. Ikafutwa 2005. Tangu hapo mpangaji ni wewe na Mungu wako.

Ninachotaka hakihitaji mkopo wa nje. Kodi ya jengo ifuatwe kwa mwenye jengo, namba yake ya NIDA mnayo, laini yake ya simu mnayo. Nyumba ya kupanga isajiliwe idadi ya kaya kwa mwenyekiti wa mtaa, na hizo uniti 75 zizidishwe kwa kaya, zisiwe za mita. Malipo ya pango kwa mkupuo yawe na kikomo cha mwezi mmoja, kwa sheria yenye faini. Ruzuku ya gesi iende kwenye kujaza. Mbunge atakayesimama akayasema haya nitampigia debe bila kofia wala kanga.

Na wewe unayejiandaa kuandika "jenga kwako": bajeti ile ile ya 2023 ndiyo iliyoweka shilingi 20 kwa kila kilo ya simenti. Mfuko wa kilo 50, elfu moja. Nijenge na nini?