Tupeane uzoefu: chura wa mvua, yule anayeishi chini ya udongo

Wadau habari zenu. Huku Lindi mvua za kwanza zimenyesha na vyura wa mvua wameshaanza kulia vichakani, wale wa duara wenye uso mfupi na mdomo wa kununa. Nawapenda sana hawa viumbe, na inaniuma kila msimu watu wanawaua bure, wengine kwa huruma wanawabeba kwenda kuwatupa mtoni, sasa huko ndo kifo chenyewe maana huyu kuogelea hajui, hata kuruka ni shida, anatembea tu. Aliyewahi kukutana naye atupe kisa.

Mdau wa Nachingwea: Mi nilimfukua nikilima matuta ya mihogo. Alivyoguswa akajijaza upepo, akabana kwenye kishimo chake hatoki. Baadaye nikamweka kwenye udongo wa kichanga nikachuchumaa kumwangalia, bwana we, anazama kinyumenyume! Nyayo za nyuma zina kinundu kigumu, anakwangua kushoto kulia huku anajizungusha taratibu, yakabaki macho, mara udongo ukafunika.

Mdau wa Masasi: Sisi tuliwakuta wawili wamegandana, jike kubwa, dume dogo kabisa. Shemeji akataka kuwatenganisha nikamwambia acha, utawachuna ngozi. Mikono ya dume ni mifupi haizunguki kiuno cha jike, kwa hiyo ngozi inatoa gundi wananatana, jike anachimba nalo hivyohivyo wakatage chini.

Mleta mada: Umegusa penyewe! Na hayo mayai hayahitaji dimbwi, hakuna viluwiluwi vya kuogelea, vichura vinakua humohumo kiotani chini ya udongo vinatoka vimekamilika. Ndo maana unawakuta mbali kabisa na mto.

Mdau aliyepo Afrika Kusini: Huku pwani ya Namaqualand, karibu na Port Nolloth, kuna ndugu yake wa jangwani, mvua haba ila ukungu wa baharini upo. Tumboni ana ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, ndo anafyonzea unyevu wa mchanga. Ukimsumbua anapiga ukelele mwembamba, mdomo wazi. Ila machimbo ya almasi yamekula makazi yake, inasikitisha.

Mdau wa Masasi: Wa kwetu wanakula nini?

Mleta mada: Mchwa, sisimizi, wadudu wadogodogo, usiku wa kumbikumbi ndo sikukuu yao. Ukimkuta barabarani usiku msogeze upande aliokuwa anaelekea, penye udongo laini, halafu nawa mikono maana akiudhiwa anatoa utomvu mweupe unaonata. Wengine leteni visa.