Ulijiunga na jeshi umri umeenda, au mwili hauna dalili ya uaskari? Tupeane uzoefu

Kuruta Mtarajiwa
Wakuu, salaam. Nina miaka 34, mke na watoto wawili, kazi ya kukaa mezani, na miwani ambayo nikiivua simtambui aliyesimama mbele yangu. Jeshi la nchi ninayoishi linapokea kuruta mpaka miaka 35, kwa hiyo ni sasa au basi tena. Wa kuniambia nifuate ndoto yangu ninao wengi, na wa kuniambia nimechanganyikiwa ninao nyumbani. Ninaowatafuta ni waliopita huko wakiwa na umri kuliko wenzao, au na mwili ambao ukiutazama huoni askari: mfupi, mnene, mwembamba kupita kiasi, mwenye nyayo bapa, mwenye macho mabovu. Nini kilikusumbua ambacho hukukitegemea? Uliishia wapi? Na mliorudishwa mlangoni msione haya, andikeni.

Babu wa Hanga
Kila mtu atakuambia habari za mbio. Mbio ni jambo dogo. Niliingia na miaka 33, na katika hanga zima, yaani bweni letu la makuruta, aliyenifuata kwa umri alikuwa hajafika 25. Jina la "Babu" nilipewa kabla sijaonyeshwa kitanda.

Uraiani nilikuwa msimamizi wa watu, nimezoea mtu akija kwangu anaanza na "samahani bosi". Sasa anakuja koplo wa miaka 22, ndevu bado zinatafuta pa kuota, anaitazama shuka niliyotandika, ananitazama mimi, anaivuta yote chini. "Babu, tandika." Natandika. Anavuta. "Tandika." Kosa lenyewe ni kwamba mkunjo wa kona moja ulikuwa mpana kuliko kiganja chake. Hapo ndipo utakapojua kama unafaa. Mwili unaweza kuuandaa nyumbani miezi kadhaa kabla ya kuripoti. Kiburi huwezi kukiandaa, kwa sababu nyumbani hakuna anayethubutu kukigusa.

Vijana wanalia usiku, asubuhi wameshasahau. Mtu mzima halii, anabishana moyoni. Anajiuliza hili la shuka linasaidia nini vitani. Kulikuwa na mwenzangu wa rika langu, pumzi kanizidi mbali, kila akiamrishwa anatoa hoja. Hakuwa mtovu wa adabu hata kidogo, na hoja zake zilikuwa nzuri. Tatizo kila hoja yake tuliilipia hanga zima kwa kuruka kichura. Hakumaliza mafunzo, na hakuna mbio iliyomshinda.

Upande wa pili umri una faida ambayo hakuna anayeitaja. Wale vijana wengi hawajawahi kushika mshahara wao. Wakawa wanakuja kitandani kwangu taa zikizimwa: Babu nisomee huu mkataba wa mkopo, Babu mchumba hapokei simu, Babu nataka kutoroka. Wakufunzi wakaona, wakanifanya kiongozi wa hanga. Usifurahi haraka ukipewa hicho cheo, maana yake kitanda cha yeyote kikiwa kibovu wewe ndiye wa kwanza kushika pushapu.

Kuhusu mwili, nguvu za siku moja utakuwa nazo, usiwe na wasiwasi. Kinachopungua ni kupona. Kijana akilala kwa muda wa saa tano tu anaamka mpya. Mimi niliamka na magoti yamekaza, nikajifunza kuamka kabla ya filimbi nikayanyooshe gizani.

Mlinda Lango
Nimekaa hapa nasubiri walioishia mlangoni waanze, maana mimi ni mmoja wao na sitaki kuwa wa kwanza.

Goko la Kushoto
Mimi ni mwanamke, niliingia na 31. Napenda nizungumzie ugoko, kwa sababu ndio uliomrudisha nyumbani mwenzangu wa kitanda cha juu, na kidogo uchukue na mimi.

Wiki za mwanzo kila mtu anaumwa miguu. Buti mpya, shanta la mizigo mgongoni, lami, kwata (mazoezi ya gwaride), kila siku. Maumivu yanayotambaa kote mbele ya mguu, yakipungua ukishapata joto, ni ya kawaida ingawa yanaudhi. Ya kuogopa ni yale ya sehemu moja: ukibonyeza kwa kidole unaruka, na usiku umelala bado yanapiga. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Mfupa ukipigwa pigwa kila siku unajijenga upya, lakini kasi ya kujijenga ni ndogo kuliko kasi ya afande. Kuruta wa kike tunapata nyufa hizo kuliko wa kiume, hilo madaktari wa majeshi wamelijua siku nyingi. Na aliyetoka kwenye kiti cha ofisi moja kwa moja mpaka gwarideni yuko hatarini zaidi ya aliyekwisha kukimbia mwaka mzima.

Nilipoona ni sehemu moja nilikwenda zahanati ya kambi. Nikawekwa kwenye platuni ya wagonjwa, kazi yetu kufagia na kuhesabu magodoro huku wenzetu wanasonga mbele. Inauma. Walikuwa wanapita na nyimbo za mchakamchaka, sisi tumeshika mafagio, na mmoja wao kila akitufikia anaongeza sauti makusudi. Mwenzangu hakutaka hiyo aibu, akameza dawa za maumivu akanyamaza. Kwenye mbio za mwisho za kubeba mzigo mfupa ukakatika kabisa, tukausikia. Mimi nilimaliza na kundi lililofuata.

Mkuu uliyeanzisha, kama una miezi kabla ya kuripoti, anza kutembea na mzigo mgongoni leo. Kutembea, si kukimbia. Ongeza kidogo kidogo, na vaa buti utakazoendea kama wanaruhusu.

Kumbukumbu
Mimi sikwenda jeshini, nasoma tu historia yake, mnivumilie.

Kwanza, kikomo cha umri hakikuandikwa na daktari peke yake. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikipandisha hadi miaka 42 mwaka 2006, vita vya Iraq na Afghanistan vikiwa vimepamba moto na wa kujiunga hawatoshi. Mwaka 2011 wakakirudisha 35. Goti la mtu wa miaka 40 lilikuwa lile lile miaka yote hiyo. Wenzao wa majini walipandisha hadi 41 mwaka 2022, wakati Marine, kikosi chao cha kushambulia kutoka baharini, wameng'ang'ania 28. Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linalochukua raia wa nchi nyingine, wanakwenda mpaka 39 na nusu. Kwa hiyo ukiambiwa umezeeka, uliza umezeeka kwa nani.

Pili, huyo mwembamba: James Stewart, mwigizaji aliyekuwa na jina tayari, mwaka 1940 alikataliwa kwa uzito mdogo. Akarudi 1941 akiwa na 32, akapokelewa, akarusha ndege za mabomu juu ya Ulaya na baadaye akafika cheo cha brigedia jenerali kwenye jeshi la akiba la anga.

Mtu wa Ghala
Kumbukumbu, mifano ya waliofaulu ni rahisi kuipata. Lete na ile mingine.

Kumbukumbu
Haki kabisa. Uingereza mwaka 1914 waliokuwa chini ya sentimita 160 walikuwa wanakataliwa, wakapiga kelele, vikaundwa vikosi vyao vya watu wafupi, vikaitwa Bantam. Wa mwanzo walikuwa wachimba migodi na vibarua, wafupi lakini chuma. Walipoanza kufa, waliotumwa kujaza nafasi zao wengi hawakuwa wafupi wa kawaida, walikuwa vijana waliodumaa na wagonjwa. Mwishoni mwa 1916 makamanda wenyewe waliwakataa, na habari ya Bantam ikaishia hapo.

Na mbaya kuliko hiyo: mwaka 1966 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, alianzisha Mradi 100,000, wa kuwaingiza walioshindwa mtihani wa akili au vipimo vya afya. Waliingia zaidi ya 300,000. Waliahidiwa ufundi na maisha mapya, wengi wakapelekwa Vietnam, na walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko askari wengine. Kigezo kikilegezwa kwa sababu jeshi lina njaa ya watu, anayefaidi si lazima awe wewe.

Mlinda Lango
Haya, nianze. Mimi ni rangi. Sikuwa najua hata kama nina tatizo. Unawekewa kurasa zenye nukta za rangi rangi, ndani yake kuna namba. Ukurasa wa kwanza nikasoma, karibu kila mtu anausoma. Wa pili nikamwambia daktari hapa hakuna kitu. Akageuza wa tatu, nikasema na hapa wamesahau kuandika. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nilitaka urubani, basi ukaishia kwenye nukta nyekundu na kijani. Sikuuliza nafasi nyingine, nikabeba bahasha yangu nikaondoka.

Mtu wa Ghala
Mkuu, uliondoka mapema. Mimi nina macho hayo hayo. Majeshi mengi upofu wa rangi unafunga fani kadhaa tu: urubani, baadhi ya kazi za umeme, mawasiliano, mambo ya taa za meli. Nikauliza zilizobaki ni zipi, nikapewa orodha, nikachagua ghala. Mwaka wa tisa huu. Hakuna atakayenitungia wimbo, lakini bila saini yangu hakuna anayetoka na buti.

Mlinda Lango
Sasa unaniambia leo!

Asiye na Mdundo
Mnazungumzia mwili na macho, mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilishindwa kwata. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vinakwenda pamoja, kama ngamia. Sajenti alinitoa pembeni na kijiwe mkononi: kijiwe kiko mkono wa kulia, mguu wa mbele ni wa kushoto. Peke yangu nilikuwa naweza. Wakianza kupiga kelele akili inazima. Na si kwata tu: kengele ikilia ghafla, amri tatu kwa mpigo, watu wanakimbia, mimi nasimama. Nipe tatizo moja na saa moja nitalitatua vizuri kuliko wengi, jeshi halina hiyo saa. Waliniachia kwa heshima, kabla ya kiapo. Sajenti yule alinishika bega akasema angekuwa na mtoto wa aina yangu asingemruhusu ashike bunduki karibu na wenzake. Nilikasirika mwaka mzima. Leo nadhani ndiye aliyenitazama kwa makini kuliko wote.

Mke wa Luteni Usu
Nimesoma yote, sijaona mke hata mmoja. Mume wangu aliingia na 35. Kijana wa miaka 19 akienda depo, kambi ya mafunzo ya mwanzo, anamwacha mama. Mtu mzima anaacha kodi ya nyumba, ada, na mtu wa kulala na mtoto mwenye homa. Mshahara wa kuruta ni wa kuruta hata kama jana ulikuwa meneja. Simu alikuwa anapewa dakika chache, na mimi dakika hizo nilizitumia kumwambia bomba limepasuka. Halafu baada ya mafunzo kuna uhamisho: mtoto wetu mkubwa ameshabadilisha shule mara mbili. Sijuti, na yeye kawa mtu mwingine, ameacha kukunja sura. Ila kaka uliyeanzisha, umeandika kwamba wa kukuita umechanganyikiwa uko naye nyumbani. Kaa naye chini na karatasi ya mapato na matumizi kabla hujakaa na mwandikishaji.

Nesi wa Kambi Mstaafu
Matatu tu, na si ya utani.

Usifiche pumu. Nimempokea kuruta mwenye dawa ya kuvuta imeshonewa ndani ya godoro, na siku shambulio lilipomkuta alikuwa uwanjani, godoro liko hangani.

Ukishapigishwa mazoezi makali ambayo hujayazoea, kisha misuli ikavimba, ikauma kupita kiasi na mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea, nenda zahanati saa hiyo hiyo. Misuli inakuwa imeharibika na mabaki yake yanaziba figo. Watu wenye bidii ndio wanaopata hili, wavivu hawafiki huko.

Joto: mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kulizoea. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba kwenye mbio za mchana, huo si uchovu. Mvue nguo, mmwagie maji baridi palepale, halafu ndipo muulize gari liko wapi. Na mwenye kurithi seli mundu, hata kama hujawahi kuumwa, mwambie daktari wa kambi.

Kuruta Mtarajiwa
Nimesoma na mke wangu pembeni. Dada Mke wa Luteni, karatasi tumeianza jana usiku, haijaisha. Goko la Kushoto, begi limeshapata vitabu ndani. Swali lililobaki ni macho. Nifanye upasuaji wa leza kabla ya vipimo, au niende na miwani?

Mtu wa Ghala
Uliza kwanza kwao, kwa maandishi. Marekani kwa mfano, ukishafanyiwa leza lazima zipite siku 180 ndipo upimwe kujiunga. Kwako wanaweza kuwa na hesabu nyingine. Na wewe una 34, ukifanya kwa kuchelewa utapona macho huku umri umekutupa nje. Miwani si kosa kama ukiivaa unaona vizuri na namba zako hazijapita kiwango chao.

Babu wa Hanga
Nenda na miwani, jozi mbili, na kamba ya kufungia nyuma ya kichwa. Hizo lenzi za kuweka ndani ya jicho kwetu zilipigwa marufuku depo, vumbi na mikono michafu. Na fani unayoitaka hakikisha imeandikwa kwenye mkataba kabla ya saini. Ya mdomoni mwa mwandikishaji haihesabiki.