Baa ya mtaa wetu inauzwa, naomba ushauri wa haraka

Kijana wa Shabab: Wadau habari za jioni. Huku Shabab, Nakuru kuna baa imekuwa hapo tangu tukiwa watoto, si kubwa, meza kama nane, TV moja, na kaunta yenye kijitabu cha madeni kimefungwa na rababendi, ukikopa unaandikwa kwa jina la utani. Hapo ndio michango ya matanga hufanyiwa, hapo ndio mashabiki wa mpira, wa Gor na wa Ingwe, hutukanana huku wakinunuliana. Sasa mwenyewe amezeeka anataka kurudi ocha, kijijini kwao, amepata mnunuzi, ni kanisa, na watu wa mtaa wamewaka kweli kweli. Je, wateja wanaweza kuzuia kisheria? Silali.

Mama Wawili: Asante Yesu! Mshahara wa bwanangu uliishia kaunta kama hiyo. Kanisa lijengwe na nyinyi mkaimbe kwaya.

Kondele Finest: Mama Wawili, kanisa nalo lina spika. Baa ya hapa jirani iligeuzwa kanisa, sasa kila Ijumaa ni kesha mpaka asubuhi. Angalau baa ile sheria ya pombe ya Mututho ya 2010 ilikuwa inaifunga saa tano usiku.

Mpangaji Sugu: Anayeendesha ni mwenye ploti ama amekodi? Kama amekodi na hana mkataba wa maandishi, ama anao lakini hauzidi miaka 5, Sura ya 301, ile sheria ya wapangaji wa biashara, inamlinda, notisi ni angalau miezi miwili na anaweza kuipinga kwa tribunali. Mimi landilodi alinipigia kufuli kinyozi usiku, mashine zangu ndani, wateja wamepanga laini nje, nikaenda tribunali nikafunguliwa, na yule mzee mpaka leo hatusalimiani.

Kijana wa Shabab: Hakuna mpangaji, ni familia inaendesha.

Wakili wa Meza: Familia ya nani? Taitoli ya ploti iko kwa jina la nani? Mteja hakosi usingizi hivyo ndugu yangu, mteja huhamia baa ingine.

Kijana wa Shabab: Sawa. Ni ya kwetu. Taitoli ni ya marehemu baba, mama ndio hukaa kaunta. Mnunuzi nilimtafuta mimi na deposit kidogo nimeshapokea, lakini msianze kunihukumu, karo ilikuwa imefika na kreti mbili za bia siku hizi zinakaa wiki nzima. Ndugu zangu wako Nairobi, hawajawahi kupanguza hata meza moja. Hii ni mali ya babangu, sijaiba.

Wakili wa Meza: Mlienda korti ya urithi?

Kijana wa Shabab: Chifu alituandikia barua.

Wakili wa Meza: Barua ya chifu ni ya kufungulia kesi tu. Ardhi ya marehemu haiuzwi kabla korti ithibitishe hati ya usimamizi. Soma Sheria ya Urithi kifungu cha 45, ukiingilia mali bila hati ni faini hadi 10,000 ama jela hadi mwaka 1, ama vyote viwili. Na mama anajua?

Mpelelezi wa Bondeni: Ngojeni kwanza. Huko juu mwenye baa amezeeka anataka kurudi ocha, huku chini ni marehemu. Sasa mtu atarudije ocha na alishazikwa huko? Hii ni hekaya, jamaa anatafuta laiki.

Kijana wa Shabab: Nilibadilisha ndio watu wa mtaa wasinijue!

Fundi Bomba: Wamekujua saa ngapi? Shabab, meza nane, mama kwa kaunta. Mimi hapo nimeandikwa "Spana".

Mama Wawili: Hajajibu kuhusu mama.

Kijana wa Shabab: Mama ana presha, nitamwambia mambo yakikamilika. Pia kanisa wamesema watamwachia chumba cha nyuma.

Wakili wa Meza: Wamesema ama wameandika? Na hiyo deposit ilikuja kwa mkono ama kwa M-Pesa?

Kijana wa Shabab: M-Pesa. Kwani?

Wakili wa Meza: Usiandike kitu kingine hapa. Kesho asubuhi tafuta wakili, na uende na mama.