Nimeitwa kuwa juri mahakama ya shirikisho Marekani, na mimi si raia. Nifanyeje?

Msukuma_Columbus
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Columbus, Ohio, nina kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), uraia bado. Juzi nimekuta kwenye sanduku la barua bahasha ya United States District Court, Southern District of Ohio. Wanataka nijaze fomu ya juri, yaani wale watu wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, ndani ya siku 10. Hapa nyumbani kila mtu na lake. Mmoja anasema nichane, hakuna atakayefuatilia. Mwingine anasema nikubali, si hela hiyo. Shemeji ndiyo kabisa, anasema tayari nimefunguliwa kesi. Mwenye uzoefu anisaidie.

mama_Nassra
Mwanangu tulia, hakuna kesi. Majina yanaokotwa kwa bahati nasibu kwenye daftari la wapiga kura, na wilaya nyingi za mahakama huongezea orodha ya leseni za udereva. Ndiyo maana wasio raia huangukiwa na barua hizi. Ila usichane. Ukiipuuza, mahakama inaweza kukuita ujieleze, na asiye na sababu ya maana anaweza kupigwa faini hadi dola 1,000 au kulala ndani hadi siku tatu. Mwanzoni mwa fomu wanauliza kama wewe ni raia wa Marekani. Weka "Hapana", maliza maswali yaliyobaki, tia sahihi, rudisha. Watakuondoa.

Kibajaji
Dola 50 kwa siku na hela ya mafuta juu! Ningekuwa mimi ningeweka "Ndiyo" nikapigwe na kiyoyozi wiki nzima 😂

Nyakato_K
@Kibajaji usimpoteze mwenzio. Kujidai raia wakati hujawa ni katika makosa mabaya kabisa kwenye sheria za uhamiaji za huku. Mtu anaweza kunyang'anywa ukaazi na kurudishwa kwao, na njia za kusamehewa ni finyu mno. Wapo waliojaza fomu haraka haraka bila kuisoma, wakaja kutafuta wakili miaka baadaye. Hakuna utani hapo.

Dodoma_Kwetu
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Mimi ni raia, mwaka juzi niliitwa na mahakama ya kaunti. Hii ya shirikisho ni nyingine au ndiyo ile ile?

Mzee_wa_Toledo
Ni nyingine kabisa. Kila jimbo lina mahakama zake, na huko ndiko ziliko kesi nyingi: talaka, wizi, ajali, mwenye nyumba na mpangaji, hata mauaji mengi. Mahakama za shirikisho zinagusa sheria za taifa zima: utapeli kwa njia ya posta, wizi wa benki, magendo ya dawa za kulevya, mtu anayeishitaki serikali kuu au anayedai haki zake za kikatiba zimekanyagwa. Hata ugomvi wa hela baina ya watu wa majimbo tofauti unaweza kufika huko, mradi madai yazidi dola 75,000.

Nchi nzima imegawanywa wilaya 94 za mahakama za shirikisho. Ohio ina mbili, Kaskazini na Kusini. Usiporidhika na hukumu ya wilaya unakwenda mahakama ya rufaa, na kwetu Ohio ni ile ya mzunguko wa sita, makao yake Cincinnati. Huko hakuna juri wala shahidi. Majaji watatu wanasoma makaratasi, pengine wanawasikiliza mawakili. Juu yao imebaki Mahakama ya Juu kule Washington yenye majaji tisa, na hao hujichagulia kesi, wengi hugonga mlango wakarudishwa.

Mimi niliwahi kukaa juri ya shirikisho, kesi ya jinai. Kazi ilikuwa kwenye kuchaguliwa. Jaji anakuuliza mbele ya watu: una ndugu polisi? Umewahi kuibiwa? Unamfahamu wakili yeyote hapa? Dada mmoja alisema kaka yake yupo gerezani, wakamshukuru, akaenda zake. Tukabaki 12 na wa akiba. Kwetu nyumbani nilizoea wazee wa baraza, wanatoa maoni halafu jaji anaamua apendavyo. Huku kuwa na hatia au kutokuwa nayo tunaamua sisi, na lazima wote 12 tukubaliane. Kulikuwa na bwana mmoja mbishi, tulimaliza naye siku nzima juu ya risiti moja ya kituo cha mafuta.

binti_Ujiji
Shikamoo mzee. Mdogo wangu ana kesi mahakama ya uhamiaji, naye atapewa juri?

Mzee_wa_Toledo
Marahaba. Hapana mwanangu. Ile inaitwa mahakama lakini ipo chini ya Wizara ya Sheria, na jaji wake ni mwajiriwa wa wizara. Jaji wa wilaya ya shirikisho huteuliwa na Rais, akathibitishwa na Seneti, akakaa mpaka aamue kustaafu. Mdogo wako akishindwa huanza na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji. Bodi ikimkatalia, ana siku 30 za kwenda mahakama ya rufaa ya shirikisho, na siku hizo haziongezwi. Mtafutie wakili sasa, msingoje hukumu.

Nyakato_K
Turudi kwa mleta mada. Hakikisha jina lako halimo kwenye daftari la wapiga kura. Kuna watu huandikishwa ofisi ya leseni bila kujua. Likiwemo, nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla hujagusa kitu. Na mtu akikupigia simu kwamba umekosa juri, lipa kwa kadi la sivyo unakamatwa, kata simu. Mahakama haidai hela hivyo.

Msukuma_Columbus
Asanteni sana. Nimeangalia tovuti ya jimbo, jina halimo. Fomu nimejaza kwenye mtandao wao, "Hapana" imo.

mama_Nassra
Chapisha nakala uiweke kwenye faili lako. Ukiomba uraia, fomu itakuuliza kama umewahi kudai kuwa raia au kujiandikisha kupiga kura.