Naombeni ushauri: wifi katoka Nagaland, Jumapili nataka kumpikia chakula cha kwao

Maua wa Kinyerezi:
Wadau, habari za jioni. Kaka yangu alisoma Bangalore, akarudi na mke. Wifi ni Mnaga, kabila la Wasumi, kwao Dimapur, mji wa huko Nagaland. Huu mwezi wa pili yupo nasi, anakula kila anachopewa, ila nimemkuta mara mbili anatafuna pilipili mbuzi na wali mtupu. Roho imeniuma. Nimenunua kitimoto kilo mbili, mafuta, binzari, iliki na mtindi. Kaka kanipa kwa siri kifurushi cha soya zilizochachushwa, wanaziita akhuni. Harufu yake, mh! Nimekifunga mifuko mitatu. Naanzia wapi?

Babu Machweo:
Si Wahindi hao? Piga biriani, huwezi kukosea.

Mhitimu wa Pune:
Babu, unampoteza dada wa watu. Nagaland ni jimbo la India, liko huko kaskazini mashariki kabisa, limepakana na Myanmar. Biriani na chakula cha Wanaga ni kama urojo na mtori: nchi moja, majiko mbalimbali. Nimekaa nyumba moja na vijana wa Kohima, mji mkuu wa Nagaland, miaka mitatu.

Maua, iliki, binzari, mtindi na mafuta rudisha kabatini. Kitimoto kitajitoa mafuta chenyewe. Kwao nyama huning'inizwa juu ya moto wa kuni mpaka iwe nyeusi, na ule moshi ndio kiungo chenyewe. Wewe ikate vipande virefu na mafuta yake, Jumamosi ikaushe juu ya moto mdogo wa kuni kutwa nzima, usiku iweke kwenye friji. Jumapili ioshe kwa maji moto, katakata, bandika na maji, chumvi, tangawizi na vitunguu saumu vya kuponda, pilipili kavu, nyanya moja. Ikianza kulainika, ponda akhuni vijiko viwili utie. Funika, acha itokote taratibu hadi mchuzi ubaki kidogo.

Maua wa Kinyerezi:
Hata kitunguu sikaangi? Mama atasema nimempikia mgonjwa.

Mhitimu wa Pune:
Usikaange chochote! Mboga nazo ni za kuchemsha na chumvi tu, majani ya maboga yanafaa sana. Wali usitie nazi. Ukali unakaa kwenye chatne: choma nyanya, pilipili na dagaa wakavu, twanga na saumu. Usimwonee huruma kwenye pilipili. Ya kwao ni ya ukoo wa bhut jolokia, ile ambayo wale wa kitabu cha rekodi cha Guinness waliitangaza mwaka 2007 kuwa kali kuliko zote duniani. Kila kitu kiende mezani kwa pamoja.

Mtoto wa Mufindi:
Nasikia wanakula na machipukizi ya mianzi. Huku kwetu mianzi ya ulanzi ipo tele, nikutumie kwa basi?

Mhitimu wa Pune:
Asante, ila mabichi yana sumu kama muhogo mchungu, lazima yachemshwe sana na maji yamwagwe. Kwa mara ya kwanza akhuni inatosha.

Mama Watatu:
Kama nyumba ni ya kupanga, waambie majirani mapema. Kule Delhi vijana wa Nagaland wamegombana sana na wenye nyumba kwa hiyo harufu. Mwaka 2007 polisi wa Delhi walitoa hadi kijitabu cha kuwaambia vyakula vyenye harufu wavipike bila kuzua zogo mtaani. Fikiria!

Maua wa Kinyerezi:
MREJESHO. Jamani, wifi alinusa kabla hajafika mlangoni. Akasimama pale getini, akamshika kaka mkono, hasemi kitu. Kala sahani mbili. Chatne yangu aliionja akacheka, akaenda kuitwanga upya na pilipili sita zaidi, sisi wengine tukaiacha. Mama kagoma wali, kachovya ugali kwenye ule mchuzi, akauliza umebaki? Jirani kaja kuuliza kama bomba la choo limepasuka. Sasa akhuni imeisha, nitengenezeje?

Mhitimu wa Pune:
Loweka soya usiku kucha, chemsha hadi zibonyee kwa vidole, chuja, funga kwenye majani ya mgomba, weka karibu na jiko siku tatu au nne. Wifi mwenyewe ndiye akague kama zimeiva. Na huyo jirani wa bomba, mpelekee sahani.